Sanduku la Maswali: Kiraka Hiki Aidhinishe Nani?

Maswali tuliyoyachagua safari hii yametoka kwa watunzaji na wachangiaji wa programu huria hapa Nairobi. Yote yanazunguka jambo moja, yaani nani ana haki ya kuingiza kiraka (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa na mchangiaji) kwenye msimbo mkuu, na kwa utaratibu upi. Hapo ndipo miradi mingi hukwama ikishapata watumiaji.

Swali: Tuko watatu, tunatunza programu huria ya hesabu za chama, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Ilianza na vikundi viwili vya mtaani kwetu, sasa hata watu tusiowajua wanatuletea viraka. Sote watatu tuna uwezo wa kuunganisha chochote. Kuna viraka vilivyoingia bila kusomwa, na vingine vimekaa miezi miwili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anaviangalia. Tuanzie wapi? — *Msomaji, Umoja*

Jibu: Kinachowasumbua si uchache wa watu. Viraka vyenu havina mwenyewe. Ketini nyote watatu mkiwa na orodha ya folda za mradi, na kila folda iandikiwe mtu mmoja mwenye dhamana na wa pili wa kumshikia akikosekana. Kwa programu ya chama mgao utakuwa kama huu: malipo, hesabu za mikopo na riba, ripoti, kurasa anazoziona mwanachama, na maelezo ya usakinishaji. Msigawane kwa aina ya kazi, eti huyu hitilafu na yule vipengele vipya. Kiraka kimoja mara nyingi huwa na vyote viwili, na mtarudi kutegeana. Mpaka uwe wa faili, maana huo hata kompyuta inaweza kuusoma.

Kielelezo cha kuiga kipo kwenye kiini cha Linux, ule mfumo endeshi huria. Humo mna faili iitwayo MAINTAINERS, ambamo kila sehemu ya msimbo ina aya yake. Herufi M hutangulia jina na anwani ya mtunzaji, R ni mkaguzi anayetaka kuarifiwa, F ni njia za faili zinazohusika, na S ni hali ya sehemu hiyo. Anayeandaa kiraka huendesha skripti ya `scripts/get_maintainer.pl`, ambayo husoma faili alizozigusa na kumtajia watu wa kuwatumia. Hakuna kubahatisha.

Tunawaomba msiipuuze ile herufi S. Inasema kama sehemu inatunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, au ina mtunzaji tu, au ina mtunzaji asiye na nafasi ila ya marekebisho madogo, au ni yatima. Miradi midogo huona haya kuandika kwamba sehemu fulani ni yatima, wakati mchangiaji akijua mapema huamua mwenyewe kama ataichukua au atatafuta programu nyingine. Kuificha hali hiyo ndiko kunakomfanya angoje miezi miwili.

Kama mradi wenu uko GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo mtandaoni, mgao huohuo unaandikwa kwenye faili ya CODEOWNERS, inayowekwa kwenye folda ya `.github`, au kwenye mzizi wa mradi, au ndani ya `docs`. Ina mitego minne. Kwanza, faili moja ikilingana na mistari kadhaa, mstari wa mwisho ndio unaotawala, kwa hiyo kanuni ya jumla hukaa juu na zile mahususi chini. Wengi huzipanga kinyume, kisha wanashangaa kwa nini mtunzaji mkuu anaitwa kwa kila jambo. Pili, jina la mtu asiye na haki ya kuandika kwenye mradi halihesabiki. Tatu, majina mawili kwenye mstari mmoja hayadai idhini mbili. Mmoja wao akikubali, yatosha. Nne, faili hiyo peke yake huita wakaguzi tu, haimzuii mtu kuunganisha. Lazima mwende kwenye mipangilio ya ulinzi wa tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) mkawashe sharti la idhini ya wenye msimbo. Hapohapo mzuie pia wasimamizi kuruka masharti, maana bila hilo nyinyi watatu mnaweza kuyapita kama hayapo.

Baada ya mgao, wekeni muda. Jibu la kwanza lipatikane ndani ya siku tatu za kazi, hata likiwa "nimekiona, nitakisoma Jumamosi." Siku saba zikipita kimya, yule wa pili anakichukua bila kuomba ruhusa. Na kila wiki mmoja wenu awe wa zamu. Huyo hakagui viraka vyote; anahakikisha tu kwamba kila kiraka kipya kimepata mwenyewe ndani ya saa 48, na kwamba kile kisichofaa kimekataliwa kwa maneno ya adabu na sababu moja iliyo wazi. Kukataa mapema ni heshima kwa aliyejitolea. Kinachowafukuza wachangiaji ni kunyamaziwa.

Vile vya zamani msianze kuvisoma kimoja kimoja. Endesheni upya majaribio ya kiotomatiki kwa vyote dhidi ya msimbo wa leo. Vinavyogongana na msimbo vifungwe kwa ujumbe wa kumwomba mwenye kiraka akisasishe ndani ya siku 14, na mlango wa kukifungua tena ubaki wazi. Vilivyosalia gawaneni kwa folda.

Swali: Kwenye mradi wetu mmoja anashikilia kila kiraka kipate idhini mbili, mwingine anasema moja yatosha. Tumebishana hadi tumechoka. — *Msomaji, South B*

Jibu: Wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia viraka tofauti. Kosa la tahajia kwenye maelezo halihitaji watu wawili. Kiraka kinachogusa pesa, nywila, haki za watumiaji, muundo wa hifadhidata au hati za kujenga na kutoa toleo kihitaji wawili, na mmoja wao awe mwenye folda. Kwa GitHub mnaweza kuweka sharti la idhini moja kwa tawi zima, kisha mkakubaliana kwa maandishi juu ya zile folda za idhini mbili.

Lakini idadi si dawa. Hitilafu ya Heartbleed kwenye OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, ilikaguliwa kabla ya kuingia, ikatoka na toleo la 1.0.1 mwezi Machi 2012, ikaishi hadi Aprili 2014. Kosa lenyewe ni la kusikitisha kwa udogo wake. Programu iliamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuulinganisha na urefu halisi, ikawa inamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Mkaguzi anayeuliza "vipi kama namba hii ni ya uongo?" angelinasa. Mkaguzi anayeangalia kama msimbo umepangika vizuri hawezi, hata wakiwa watano.

Kwa hiyo andikeni kile ambacho idhini inathibitisha. Kwa msimbo wa malipo ya M-Pesa, kwa mfano, mwenye kuidhinisha awe amehakiki mambo haya: taarifa ya malipo ikifika mara mbili, mwanachama anaandikiwa mara moja tu, kwa kulinganisha namba ya muamala; isipofika kabisa, kuna njia ya kuuliza hali ya malipo; kiasi kinahifadhiwa kama namba kamili ya senti, si desimali za kuelea, ambazo kwazo 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili; na kuna jaribio la kiotomatiki linaloshindwa bila kiraka na kupita kikiwapo. Hilo la mwisho lijaribuni kwa mikono. Ondoeni mabadiliko, acheni jaribio, tazameni kama linaanguka. Jaribio lisiloanguka halipimi kitu.

Washeni pia mpangilio unaofuta idhini za awali mabadiliko mapya yanaposukumwa. Bila huo, mtu anaidhinishiwa mistari kumi, anaongeza mingine mia mbili, na alama ya kukubaliwa inabaki palepale. Mradi wa Kubernetes, programu huria ya kuendesha programu kwenye seva nyingi, hufanya vivyo hivyo, alama ya mkaguzi huondoka komiti mpya (fungu la mabadiliko yaliyohifadhiwa pamoja) ikiingia. Wao pia wametenganisha ngazi mbili kwenye faili zao za OWNERS: wakaguzi, wanaosema msimbo ni sahihi, na waidhinishaji, wanaosema mabadiliko haya yanafaa mradi. Mgawanyo huo unafaa hata mradi wa watu sita, kwa sababu mgeni hodari anaweza kupewa ukaguzi miezi mingi kabla ya kupewa ufunguo.

Swali: Kuna mchangiaji ambaye kwa mwaka mmoja ametusaidia sana. Hatujawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Sasa anaomba haki ya kuunganisha na kutoa matoleo. Watu wengine wawili, ambao hawajawahi kuchangia, wameanza kutuandikia kwamba tunachelewesha mradi na tumpe nafasi. Mtunzaji wetu mkuu amechoka na anataka kukubali. — *Msomaji, Kahawa West*

Jibu: Simameni kwanza. Haya mliyoyaeleza yanakaribia mno yaliyowapata watu wa xz, programu ya kubana faili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta viraka vizuri mwaka 2021. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalimshinikiza mtunzaji pekee wa mradi, ambaye alikuwa ameelemewa, aongeze mtunzaji mwingine. Jia Tan akapata haki. Mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Uligunduliwa mwishoni mwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliyetaka kujua kwa nini kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi.

Hatusemi mchangiaji wenu ni mhalifu. Watu wengi wazuri hawataki kuonekana, na mtunzaji asiyejulikana sura anaweza kuwa mwaminifu miaka yote. Tunachosema ni kwamba mashinikizo ya watu wasiochangia yasiwe sababu ya uamuzi, na uchovu wa mtunzaji mkuu usiwe njia ya kupitishia funguo. Mpeni mkuu wenu mapumziko ya mwezi mzima, mtangaze waziwazi kwamba hakuna toleo jipya mwezi huo isipokuwa la usalama. Watumiaji watastahimili.

Kisha mpandisheni huyo ngazi kwa ngazi. Kwanza haki ya kupanga na kufunga taarifa za hitilafu. Baadaye ukaguzi wa folda moja. Baadaye kuunganisha kwenye folda hiyo, kwa idhini ya mwingine. Haki ya kutoa toleo iwe ya mwisho, na isiwe mikononi mwa mtu mmoja, yeyote yule.

Kuhusu kutoa toleo kuna somo jingine la xz ambalo wengi hawalijali. Hati iliyoamsha ule mlango wa siri haikuwamo kwenye hifadhi ya git, programu inayotunza historia ya msimbo. Ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo pekee, na shehena yenyewe ilifichwa kwenye faili zilizodaiwa kuwa za majaribio. Waliosoma msimbo kwenye git hawakuona hati hiyo. Basi kifurushi chenu kijengwe na mashine, moja kwa moja kutoka kwenye komiti yenye lebo ya toleo, si kutoka kwenye kompyuta ya mtu. Mtu wa pili akijenge upya na alinganishe yaliyomo kabla hakijatangazwa. Na faili yoyote isiyosomeka kwa macho, hata ya majaribio, iambatane na maelezo au skripti ya jinsi ilivyotengenezwa. Isiyo na maelezo hayo isiidhinishwe.

Swali: Nimetuma kiraka cha mistari 1,800. Wiki ya tano sasa hakuna aliyekisoma. Nikate tamaa? — *Msomaji, Rongai*

Jibu: Usikate tamaa, kikate kiraka. Mkaguzi anayejitolea ana labda saa moja usiku, na mistari 1,800 haiingii katika saa moja. Lenga kila kipande kisizidi mistari 400, na chini ya 200 ni bora zaidi.

Fanyia kazi tawi jipya ili la zamani libaki salama. Rudisha komiti zako kwa `git reset --soft` hadi pale ulipoanzia, kisha `git reset` ya kawaida, halafu chagua mabadiliko kidogo kidogo kwa `git add -p`. Mpangilio unaosomeka ni huu: kuhamisha na kubadili majina ya faili kwanza, bila kugusa tabia ya programu, kisha marekebisho ya hitilafu, kisha kipengele kipya, maelezo mwisho. Kupanga upya nafasi za mistari kusichanganywe na kitu kingine chochote, maana hapo ndipo badiliko la maana hupotelea machoni.

Kila komiti isimame peke yake, yaani ijengeke na majaribio yapite. Ukiendesha `git rebase --exec` pamoja na amri ya majaribio ya mradi wako, git itaipima moja moja na kusimama penye kasoro. Sababu si urembo. Siku mtunzaji atakapotafuta kwa `git bisect` ni komiti ipi iliyoleta hitilafu, komiti isiyojengeka itamvurugia utafutaji.

Kwenye ujumbe wa komiti eleza kwa nini, kwa kuwa *nini* inaonekana kwenye msimbo wenyewe. Ukirudi na toleo la pili, ambatisha matokeo ya `git range-diff` ili mkaguzi aone kilichobadilika tu. Na mwandikie mtu mmoja kwa jina, yule mwenye folda, si kikundi kizima.

Swali: Mradi mmoja umenitaka niongeze mstari wa "Signed-off-by" kwenye kila komiti. Nimeajiriwa Upper Hill kuandika programu. Nikitia sahihi hiyo najifunga na nini? — *Msomaji, Kilimani*

Jibu: Unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Utaratibu huu ulianza kwenye kiini cha Linux mwaka 2004, wakati ambapo mashtaka ya kampuni ya SCO dhidi ya IBM, kwa madai kwamba msimbo wake uliingizwa Linux, yaliwafanya watu waulize kila mstari ulitoka wapi. Kuuongeza ni rahisi, `git commit -s`. Uzito uko kwenye ukweli wake.

Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaichukulia programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, na kazi iliyofanywa katika ajira huchukuliwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma mkataba wako. Wengine wana kifungu kinachofika hata kwenye kazi za nyumbani zinazofanana na za ofisini. Kabla ya kutia sahihi pata kibali cha maandishi kinachotaja jina la mradi na leseni yake, na barua pepe ya meneja mwenye mamlaka ni bora kuliko maneno ya kwenye korido. Usitumie kompyuta ya kazi kwa mradi ambao hauna kibali. Watunzaji nao wasilazimishe mstari huo kisha wakamwandikia mtu kwa niaba yake. Sahihi ya kuandikiwa haithibitishi chochote.

Swali: Mtunzaji akisema hapana na wengine wote wanasema ndiyo, inakuwaje? — *Msomaji, Kasarani*

Jibu: Inategemea mlichoandika kabla ya ugomvi. Miradi ya Apache, shirika la programu huria, ina kanuni inayofaa kuigwa. Kwenye mabadiliko ya msimbo kura moja ya hapana husimamisha kiraka, lakini lazima ifuatane na sababu ya kitaalamu, na isiyo na sababu ni batili. Kwenye kutoa toleo hakuna turufu: zinahitajika kura za ndiyo zisizopungua tatu, ziwe nyingi kuliko za hapana, na kura hukaa wazi angalau saa 72 ili walio kwenye kanda nyingine za saa nao waione. Kwa timu ya watu wachache, ongezeni kwamba mwenye hapana apendekeze njia mbadala ndani ya siku saba.

Swali: Mwenzetu mmoja hajibu tangu miezi minne iliyopita. Jina la kifurushi chetu kwenye PyPI, ghala la vifurushi vya lugha ya Python, liko kwa akaunti yake peke yake. — *Msomaji, Githurai*

Jibu: Mtafuteni kwanza kwa njia zote za kawaida, pamoja na ndugu na marafiki, mtu aliyenyamaza miezi minne huenda anahitaji kujuliwa hali kabla ya kuulizwa nywila. Wekeni kumbukumbu ya tarehe mlizomwandikia. PyPI ina utaratibu rasmi wa majina yaliyoachwa, PEP 541, na kumbukumbu hizo zitawafaa huko. Kifurushi kikipatikana, wekeni wamiliki wawili au zaidi, kila mmoja kwa akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti moja inayochangiwa ni hatari, kwa sababu hamtajua nani alitoa nini.

Jina lake mlihamishie kwenye orodha ya watunzaji waliostaafu, na haki za kuunganisha mziondoe kwa muda. Akirudi arejeshewe siku hiyohiyo baada ya kuthibitisha kwa simu au ana kwa ana kwamba ni yeye.

Swali: Mchangiaji ameweka ufunguo halisi wa seva ndani ya kiraka, na faili ya majaribio ina namba za simu za wanachama. Tumeshafuta komiti hiyo. Tumemaliza? — *Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Bado. Batilisheni ufunguo huo sasa hivi na mtoe mpya, kabla ya kazi nyingine yoyote. Kilichosukumwa hadharani kihesabiwe kimeshanakiliwa. Kisha safisheni historia kwa `git filter-repo`, mkijua kwamba kila mwenye nakala atalazimika kuichukua upya, la sivyo atairudisha ile data bila kujua. Ombi la kuunganisha lenyewe huenda bado linaonyesha komiti ya zamani, kwa hiyo wasilianeni na wenye jukwaa waifute.

Zile namba za simu zina uzito zaidi, kwa kuwa ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwajulisheni anayeendesha mfumo ule uliotoa data hiyo leo hii, maana sheria inampa saa 72 tangu anapojua kumfahamisha Kamishna wa Data pale panapokuwa na hatari ya kweli kwa wahusika. Data ya majaribio itengenezwe na skripti, na kaguzi ya kiotomatiki ya funguo na namba za simu iwekwe kabla ya mkaguzi wa kwanza kukifungua kiraka.